"Ule mutoto anasemaka na nani?" Juu ya kujisemesha na hadisi za ndani kwa watu wenye otizimu



Kuna swali moja ambalo wazazi wananiulizaka kuliko mengine yote: "Ule mutoto anasemaka na nani?" Mtoto mwenyewe anafanana karibu kila mara. Ana miaka 6, 8 ao 10. Anatembea pembeni ya ukuta wa parsele, anasema maneno, anacheka kidogo, anayarudilia, na mbele yake hakuna mtu. Ukimwita, pengine hageuki. Na mbele swali liishe, jirani ameshatoa jibu: eko na pepo, anasema na wale sisi hatuone.

Mimi nilisoma agronomia, si udaktari. Lakini nina mpwa, mtoto wa yaya wangu, ana miaka 9 na ana otizimu (kule Tanzania na Kenya wanasema usonji), na juu yake nimesoma mambo haya kwa bidii ambayo profesa wangu wa pedolojia hakuwahi kuiona kwangu. Jambo ninalotaka kueleza leo ni moja: yale maneno ya mtoto njo kufikiri kwake. Anafikiri kwa sauti. Yule anayempiga ili anyamaze, ao anayemfungia siku tatu katika chumba cha maombi ili pepo atoke, anamnyang'anya jembe mikononi katikati ya kulima.

Tuanze na sisi wenyewe. Wakati wa sesyo, saa kumi na moja ya asubuhi, nani kati yetu hakuzunguka chini ya miti ya kampasi na silabusi mkononi, akisema kwa sauti, akijiuliza na kujijibu, hata akijigombeza: "Hapana, ile ni ya shapita ya kwanza, anza tena"? Mama anayeuza sambaza, akimrudishia mteja pesa, anahesabu kwa mdomo. Fundi akipima ubao anajisemesha. Na watoto! Mtoto akicheza mpira peke yake nyuma ya nyumba, yeye njo mchezaji, njo refa, njo mtangazaji wa redio, njo uwanja mzima unaopiga kelele. Hakuna mtu anayemwitia pasta. Tunasema tu: anacheza.

Watu wa psikolojia waligombana juu ya jambo hili karibu miaka mia iliyopita. Jean Piaget, Mswisi, aliandika yale ambayo watoto wadogo wa Geneva walikuwa wanasema wakicheza. Katika kitabu chake cha 1923 alionyesha kwamba sehemu kubwa ya maneno yao hayaendi kwa mtu yeyote: mtoto anasema tu, hajali kama mwenzake anasikia. Piaget aliona ile ni alama ya utoto. Mtoto hajajua bado kuingia katika mawazo ya mwengine, na akikua, maneno yale yanakufa.

Lev Vygotsky, Mrusi aliyekufa kwa tuberkulozi mwaka 1934 akiwa na miaka 37, hakukubali. Alifanya kitu ambacho mimi kama mtu wa mashamba ninakipenda, juu ni jaribio la kweli: unabadilisha kitu kimoja, kisha unaangalia nini inaota. Yeye na wenzake walichukua watoto wanaochora, wakawawekea magumu kidogo: kalamu ya rangi fulani inakosekana, karatasi hakuna. Kujisemesha kukapanda karibu mara mbili. Mtoto aliyekosa kalamu ya buluu alianza kujiambia kwamba atatumia nyekundu, ataitia maji, itakuwa giza kidogo, itafanana na buluu. Maneno yalikuja pale ambapo kazi ilikuwa ngumu. Kwa hiyo, akasema Vygotsky, maneno yale hayafi, yanaingia ndani. Kwanza mama anamwambia mtoto "polepole, shika na mikono miwili". Kisha mtoto anajiambia mwenyewe kwa sauti "polepole". Kisha ananong'ona, kisha midomo inatingishika tu. Mwishoni ni ile sauti ya ndani ambayo wewe unayo sasa hivi ukisoma mstari huu.

Shika hii njia katika akili, juu otizimu inaigusa kila mahali.

Otizimu haiambukizi, haitoki kwa malezi mabaya ya mama. Ni namna ubongo umejengwa tangu mwanzo. OMS inakadiria kwamba mwaka 2021 ilikuwa karibu mtu 1 katika 127 duniani. Fanya hesabu kwa shule ya watoto 600 ya kwenu: ni wanne ao watano. Pengine unawajua tayari kwa jina lingine.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, huko Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11. Wale kati yao waliokuwa na maneno walikuwa wanarudilia ya watu wengine sawa vile redio: mengine palepale, mengine baada ya siku ao miezi. Hii inaitwa ekolalia. Tena walikuwa wanageuza "mimi" na "wewe". Katika Kiswahili chetu hii inaonekana wazi sana, juu mtu amejificha mwanzoni mwa neno. Mpwa wangu, ukimuuliza "Unataka chai?", anajibu "Unataka chai." Bibi yake alikuwa anakasirika, anaona mtoto anamchekelea. Kumbe mtoto amechukua sentensi nzima sawa vile imefika, bila kuifungua aone iko na vipande gani ndani. Kwake ile sentensi ndefu ni neno moja, lenye maana ya ile saa nzuri ambapo chai inakuja.

Mwaka 1946 Kanner aliandika makala ingine, juu ya yale maneno tu ambayo yanaonekana hayana maana. Kulikuwa mtoto wa miaka 5 ambaye alikuwa anasema kila mara kwamba mbwa asitupwe chini kutoka balkoni. Hapakuwa mbwa, hapakuwa balkoni. Mama yake akakumbuka: zamani, katika hoteli moja Uingereza, mtoto alikuwa anatupa mbwa wake wa kuchezea kutoka juu, mama akachoka kumwokota kila saa, akamkataza kwa maneno yale yale. Tangu pale, kila mara mtoto alipotamani kutupa kitu chochote, alijiambia ile sentensi. Angalia vizuri kile kinachofanyika hapa. Huyu mtoto alikuwa anajikataza! Alikuwa anafanya ile kazi Vygotsky alieleza, sauti ya mama inakuwa sauti yangu, ila aliiacha nje, na aliiacha nzima, na mbwa wake na balkoni yake. Asiyekuwa pale hotelini hawezi kuelewa. Anayeijua hadisi anaelewa mara moja.

Sasa nitoke Baltimore nirudi Bukavu. Mpwa wangu alikuwa anapiga kelele sawa vile vijana wanaoita abiria wa taxi-bus: "Nyawera, Essence, Panzi! Nyawera, Essence, Panzi!" Mara ishirini, mara arobaini, bila kupumzika. Shule yake ya kwanza iliona ni utundu. Walimtoa darasani mara nyingi, kisha wakamwambia yaya wangu abaki naye nyumbani mpaka "apone". Mtoto wa miaka 6 akakaa mwaka mzima bila shule juu ya majina matatu ya vituo vya gari.

Njo wakati ule nilifungua kaye. Sisi tuliosoma mambo ya udongo tunajua: ukikuta majani ya mahindi yamekuwa manjano, haukimbii kununua mbolea. Unauliza kwanza. Ni majani ya chini ao ya juu? Tangu lini? Maji yalisimama hapa? Msimu uliopita kulikuwa nini katika hili shamba? Juu kuna manjano ya kukosa azoti, kuna manjano ya maji mengi, na kuna manjano ya ugonjwa, na mbolea ya moja haisaidii ingine. Basi nilichora safu nne: saa, mahali, nini ilitokea kidogo mbele ya maneno, nini ilitokea kisha. Yaya aliandika, mimi niliandika, hata binti mkubwa wa nyumba aliandika, na yeye njo alikuwa na macho makali kutupita wote.

Baada ya wiki tatu ilikuwa wazi hata bila kuhesabu. Karibu kila mara kulikuwa mtu anayejitayarisha kuondoka: mama anavaa viatu, baba anatafuta funguo, mgeni amesimama anaaga. Ao kitu kinaisha na kingine kinaanza: chakula kinatolewa mezani, televisheni inazimwa. Na darasani ilikuwa vilevile: mwalimu anafunga kitabu cha hesabu, anachukua cha Kifaransa. Mtoto alikuwa anasema: kuna kuhama, sijui tunaenda wapi, ninaogopa. Na kwa nini vituo vya gari? Mimi naona ni juu taxi-bus njo mahali pekee katika maisha yake ambapo mtu mkubwa anatangaza waziwazi, kwa mpangilio, tunaenda wapi na nini inafuata. Nyumbani kwetu hakuna anayetangaza. Tunasimama tu na kuenda.

Tulianza kumtangazia. "Viatu, mlango, kwa bibi, kurudi." Maneno manne, na mpangilio ule ule. Kelele zilipunguka, hazikuisha. Leo anajisemesha mwenyewe akivaa: "viatu, mlango, bibi, kurudi". Bado anasema peke yake, bado jirani anamwangalia. Lakini sasa maneno yanafuata njia ambayo anaenda kupita kweli.

Hii si ajabu ya nyumba yetu. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan, Wamarekani, walichunguza ekolalia ya palepale na kukuta kazi saba ambazo mtoto anaifanyisha: kuchukua zamu yake katika mazungumzo, kuomba kitu, kukubali, kurudilia moyoni ili aelewe, kujitawala mwenyewe akifanya kitu, na zingine. Mwaka 1984 Prizant na Patrick Rydell walifanya vile kwa ekolalia ya baadaye, wakakuta kazi 14. Mbele ya hapo kulikuwa wataalamu waliofundisha wazazi kuizima. Na mwaka 2007 Adam Winsler na wenzake, huko Marekani, waliwapa watoto wenye otizimu kazi za kufikiri na wakasikiliza. Watoto wale walijisemesha, maneno yao yalihusu ile kazi kabisa, na walifaulu zaidi pale ambapo walijisemesha kuliko pale ambapo walinyamaza. Mwalimu anayesoma hapa, tafazali soma tena huu mstari wa mwisho. Ukimwambia mtoto wa namna hii "fanya hesabu kimya", unaweza kumpunguzia pointi ambazo alikuwa nazo.

Lakini kuna upande mwingine, na hapa watu wanachanganyikiwa. Si kila mtu mwenye otizimu anafikiri kwa maneno. Temple Grandin, Mmarekani mwenye otizimu, profesa wa mambo ya mifugo (wenzangu wa zooteknia wanamjua kwa kazi yake juu ya namna ya kupitisha ng'ombe bila kuwaogopesha), alieleza katika kitabu chake cha 1995 kwamba yeye anafikiri kwa picha, na maneno kwake ni kama lugha ya pili. Mwaka mmoja mbele, 1994, Russell Hurlburt, Francesca Happé na Uta Frith walitoa matokeo ya watu wazima watatu wenye otizimu ya aina ya Asperger. Kila mmoja alitembea na kifaa kidogo kinacholia wakati wowote. Kikilia, anaandika nini ilikuwa katika akili yake ile sekunde. Walileta picha, karibu picha tu. Ile sauti ya ndani ambayo mimi na wewe tunadhani kila mutu anayo, haikuonekana kwao.

Kisha, mwaka 2012, David Williams na wenzake walifanya jaribio ambalo linaeleza vizuri zaidi. Waliwapa watu wazima kazi ya kupanga hatua za kusogeza vitu, na wakati ule ule wakawaamuru kurudilia neno moja kwa mdomo bila kuacha, ili sauti ya ndani ikose nafasi. Watu wasio na otizimu waliharibikiwa. Wale wenye otizimu kazi yao haikuharibika: hawakuwa wanapanga kwa maneno. Lakini katika kazi ya kukumbuka vitu kwa muda mfupi, wote, wa huku na wa kule, walikuwa wanatumia maneno ya ndani. Kwa hiyo sauti ya ndani iko, ila kwa kazi zingine haiitwi. Ndiyo maana kumwambia mtoto "jiambie katika akili yako nini utafanya" pengine ni sawa na kumwambia mtu achote maji na kikapu. Mchoree. Yaya wangu amebandika picha tano kwenye mlango wa choo: maji, sabuni, mikono, kitambaa, mlango. Alizichora kwa biki. Ni mbaya kama nini, lakini zinafanya kazi.

Nije sasa kwa hadisi za ndani, juu hapa njo kuna mali nyingi na watu hawaizungumzi.

Watoto wengi wenye otizimu hawarudilii sentensi tu, wanarudilia dunia nzima: filamu, tangazo, mahubiri, kipindi cha redio, na sauti za watu wote ndani yake. Mfano unaojulikana ni wa Owen Suskind, mtoto wa mwandishi wa habari Mmarekani Ron Suskind. Akiwa karibu na miaka 3 alipoteza maneno yake. Alibaki anaangalia filamu za Disney, na kutoa sauti ambayo wazazi waliifikiria ni kuomba maji ya matunda. Siku moja waligundua inatoka katika filamu ya msichana wa baharini, pale mchawi anamwomba sauti yake. Fikiria: mtoto aliyepoteza sauti anarudilia mahali ambapo mtu anaombwa sauti. Wakaambiwa ni ekolalia tu, usiitafutie kitu. Miaka ikapita. Siku ya kuzaliwa ya kaka yake, Owen, sasa na miaka 6 na kidogo, akamwambia baba kwamba kaka yake hataki kukua, sawa vile Mowgli na Peter Pan. Sentensi nzima, na ya akili. Baba akachukua kikaragosi cha Iago, kasuku wa filamu ya Aladdin, akasema naye kwa sauti ya kasuku, na mtoto akajibu. Baadaye Owen alichora wasaidizi wa mashujaa, hapana mashujaa wenyewe, na kutunga hadisi ambamo yeye njo mlinzi wa wale wasaidizi waliopotea, juu aliona wenzake wanaenda mbele na yeye anabaki nyuma. Baba aliyaandika katika kitabu cha 2014, na filamu ikatoka 2016.

Kwetu hakuna Disney kila nyumba, umeme wenyewe tunaujua. Lakini hadisi ziko. Mpwa wangu ana hadisi moja ya taxi-bus ambayo anajisimulia usiku chini ya neti, kwa sauti ndogo, na inaanza kila mara kwa maneno yale yale. Katika gari hakuna mtu anayepiga kelele. Kila mtu ana kiti chake. Nilisikiliza miezi mingi nyuma ya pazia. Mwalimu wa ile shule ya kwanza yuko ndani: anasimama kwenye kituo, na gari halimsimamii. Mwaka huu, mwezi wa pili, gari lilimsimamia. Aliwekwa kiti cha nyuma kabisa. Hakuna mtu aliyemwambia mtoto asamehe, na hatukuwa tumeongea juu ya yule mwalimu. Ile kazi aliifanya peke yake, katika hadisi yake, kwa wakati wake.

Watu wazima nao wanafanya hivi, ila wamejifunza kuficha. Wengine wanaeleza kwamba mbele ya kuenda kwa ofisi wanajitayarishia mazungumzo mazima: mimi nitasema hivi, yeye atasema vile, akisema kingine nitajibu hivi. Usiku wanayarudilia yote ili waone wapi palikosekana. Wengine wanashika telefone kwenye sikio ili watu wafikiri wanaongea na mtu. Ni akili, lakini inachokesha sana, kama mtu anayetafsiri kutwa nzima. Na hadisi ya ndani inaweza kugeuka mwiba: mtu anarudilia tusi moja la miaka kumi iliyopita kila usiku, na linauma sawa vile siku ya kwanza. Carol Gray, mwalimu wa Michigan, alianza mwaka 1991 kuandikia watoto hadisi fupi zinazoeleza mbele nini itatokea mahali fulani, watu watafanya nini, mtoto anaweza kufanya nini. Kanuni yake njema ni kwamba hadisi inaeleza zaidi kuliko inavyoamuru. Hii tunaweza kuifanya huku bila pesa: karatasi moja, michoro minne, "siku ya chanjo".

Sasa chumba cha maombi. Mimi ni mkristo, ninaomba, sisemi vibaya juu ya maombi. Ninasema juu ya kile kinachofanyika. Wakati mpwa wangu alikuwa nyumbani bila shule, upande mmoja wa familia ulimpeleka kwa kikundi fulani, siku tatu, bila kula vizuri, watu wakubwa wanamzunguka na kupaza sauti pepo atoke. Alirudi na neno jipya. Usiku alikuwa anajipiga kifuani na kusema: "Toka! Toka!" Ilichukua miezi mingi. Kumbuka Vygotsky: sauti ya ndani ya mtoto inajengwa na sauti zetu. Mama akisema "polepole", mtoto atajiambia polepole. Sisi tukisema "mulozi", atajiambia nini? Na huyu mwenye ekolalia ataichukua nzima, na sauti yake, na mkono wake kifuani.

Malisansiye wa sheria watanisahihisha kama ni lazima, lakini Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kushtaki mtoto juu ya ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaweka azabu. Ni vizuri kwenda na karatasi hiyo mkononi kwenye mukutano wa familia. Shangazi mmoja alibadilisha sauti pale aliposikia neno "jela". Sikumwongezea maelezo.

Kusema hivi si kusema kwamba hakuna siku ya kutafuta daktari. Kama mtoto alikuwa na maneno na ameyapoteza, aonekane haraka. Masikio yapimwe kwanza kabisa, juu mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki ukimwita. Kama kuna kuangaliaangalia pahali pamoja na kukatika kwa sekunde, ao kuanguka, ulizeni juu ya kifafa, ambacho kinakuja zaidi kwa watu wenye otizimu kuliko kwa wengine. Na kwa kijana ao mtu mzima, kuna tofauti katikati ya kujisemesha na kusikia sauti. Anayejisemesha anajua maneno ni yake, na mara nyingi yanarudi yale yale tangu utoto. Anayesikia mtu asiyeonekana akimwamuru, anayeanza kuogopa chakula cha nyumbani, anayeacha kulala, na hii imeanza juzi juzi tu, huyo anahitaji matunzo ya hospitali, na dawa ziko. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, ndiyo maana kazi ya kupima iachiwe mwenye kuisoma.

Mukienda, pelekeni kaye. Daktari atakuwa na mtoto nusu saa, na katika nusu saa ile mtoto pengine hatasema kitu, ao atasema "Nyawera, Essence, Panzi" juu amekaa kwenye chumba ambacho hakijui. Safu nne zinatosha: saa, mahali, mbele, nyuma. Andikeni maneno kamili sawa vile anayatamka, hata kama ni upuuzi, hata kama ni tangazo la sabuni, na andikeni pia ni wapi aliyasikia mara ya kwanza kama kuna anayekumbuka. Muulizeni na dada yake mkubwa.